Julai ya Mbeya, umri wa miaka 50 na kitu: mnalala blanketi moja au kila mtu na lake?

BabaNeema_Uyole

Wakuu habari za jioni, wakubwa zangu shikamooni.

Hii kitu nimeshaiuliza kijiweni wakacheka tu hakuna aliyenijibu, ndo maana naileta hapa kwa watu wazima wenzangu. Niko Uyole, Mbeya, nina miaka 52, mama Neema ana 49, tumefunga ndoa 2001. Watoto watatu, Neema kaajiriwa Dodoma, wa pili yuko chuo, na huyu wa mwisho mwezi huu huu wa saba kaenda kuripoti kidato cha tano, bweni. Kwa hiyo nyumba nzima tumebaki sisi wawili na paka.

Sasa wanaoishi huku wanajua Julai yetu ilivyo. Mji uko karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, ukitoka nje saa kumi na mbili asubuhi mvuke unatoka mdomoni kama sufuria ya maharage inachemka, ukinawa maji ya bomba vidole vinakufa ganzi. Nyumba zetu hazina cha kuzipasha joto, kinachotuokoa ni blanketi na mwenzako. Miaka yote sisi tuna blanketi moja zito la watu wawili, tulilinunua Mwanjelwa kipindi Neema yuko tumboni, na utaratibu wetu ulikuwa mmoja, mimi nalala naangalia mlango, yeye nyuma yangu, miguu yake ya baridi kama samaki wa kwenye barafu kaibandika kwenye vigimbi vyangu mpaka ipate moto. Nilikuwa nalalamika kila siku tangu 2001.

Juzi juzi hapa saa nane usiku nimeamshwa na baridi. Napapasa blanketi halipo, limekunjwa lote liko upande wangu wa miguuni. Nageuka naona dirisha liko wazi, lile la alminiamu ambalo ukilisogeza linalia kama mbuzi, sijui amelifunguaje nisisikie. Mama Neema kakaa ukingoni mwa kitanda na gauni jepesi, anajifuta shingo na khanga, mwanga wa taa ya nje unampiga naona kabisa jasho linang'aa kwenye paji la uso. Uyole! Mwezi wa saba! Nikashtuka nikamuuliza unaumwa? Akasema siumwi, nasikia joto. Nikamwambia joto gani mama Neema mbona mimi meno yanagongana. Akasema linaanzia kifuani linapanda shingoni mpaka masikioni, utafikiri mtu kaniwashia jiko ndani. Dakika tano baadae yuleyule anasema funga dirisha naganda, anavuta blanketi. Saa kumi tena, dirisha.

Na hii siyo siku moja, ni karibu miezi miwili. Mimi sa hivi nalala na soksi jozi mbili, sweta na mzula kichwani, yeye analala kama yuko Kyela mwezi wa kumi na mbili. Nimejitahidi kumsaidia kwa ninavyojua, kila siku saa tatu usiku kabla hatujalala namchemshia chai ya tangawizi kikombe kikubwa, ya moto kabisa, anywe apate usingizi.

Wiki iliyopita tukaamua kila mtu awe na blanketi lake. Nikaenda kununua la pili, tukalala vizuri kwa kweli, siku nne safi. Siku ya tano mama yangu kaja kutoka Tukuyu, kaleta mkungu wa ndizi na parachichi, kufika tu uani kasimama anaangalia kamba ya kuanikia. Mablanketi mawili yako juani. Akauliza kuna mgeni? Nikasema hapana. Watoto wamerudi? Hapana. Akanyamaza, akaingia ndani akanywa chai, jioni akaniita pembeni sauti ya chini kabisa, "baba, wewe na mwenzio kuna neno gani?" Nilieleza nikaeleza, mambo ya mke wangu kutoa jasho usiku namwelezaje mama yangu mzazi, nikaishia kusema ni baridi tu mama. Akasema baridi ndo watu wanasogeleana. Kaondoka na wasiwasi wake, na najua dada zangu wote Rungwe nzima sa hivi wanajua.

Kwa hiyo blanketi la pili limerudi kabatini na mimi nimerudi kwenye mzula. Na niseme ukweli kuna kingine, hata zile siku nne nilizolala vizuri nilikuwa naamka najiona kama niko gesti. Hakuna mtu mgongoni.

Naombeni uzoefu wenu mliofika umri huu, hasa wa huku kwenye baridi. Mnafanyaje? Na hii hali inaisha lini? Mke wangu anajua naandika, yuko hapa jikoni kapika ugali wa watu watano kama kawaida, mkono wake bado haujajua watoto wameondoka.

---

Mama_Kihesa

Kamwene baba Neema. Msalimie sana mwenzio, mwambie mimi ni mwenzake nilianza nina 47 sa hivi nina 54 na bado dirisha linafunguliwa, ila siyo kama mwanzo, mwanzo ilikuwa mara sita kwa usiku sasa hivi mara moja au hakuna.

Sisi hapa Iringa tuna mablanketi mawili tangu 2019 na wala hatujaachana. Siri yetu ni hii, shuka la chini moja kubwa, shuka la kujifunika moja tena kubwa la pamba linatufunika wote wawili, halafu juu ya hilo ndo kila mtu na blanketi lake. Kwa hiyo mkono ukipita chini ya shuka unamkuta mwenzio yuko palepale, mimi nikiwaka natupa blanketi langu pembeni yeye wala hapati upepo. Jaribuni hiyo mtaniambia. Na mablanketi usianike siku moja, anika moja Jumamosi lingine Jumatano, utakuwa umempa mama mkwe amani yake.

Ila kwenye hilo la ugali wa watu watano nimecheka halafu nikakaa kimya. Mtoto wetu wa mwisho alipoondoka mimi nilipika makande sufuria ya siku zote, tukala Jumatatu, tukala Jumanne, Jumatano baba watoto akaenda mjini akarudi na kisufuria kidogo cha watu wawili kakifunga kwenye gazeti, akaniwekea mezani hasemi kitu. Nilikasirika! Niliona kama ananiambia watoto hawarudi tena. Kile kisufuria kilikaa mwezi mzima juu ya kabati sikigusi. Sasa hivi ndo sufuria ninayoipenda kuliko zote, kahawa ya asubuhi humo humo, uji humo humo.

Halafu umesahau kutuambia habari ya miwani maana najua hamjapona. Sisi ilianza kwenye pakiti ya mbegu za mahindi, tuko shamba tunataka kujua nafasi ya kupandia, mimi nikisoma karibu sioni, naye akisoma karibu haoni, na mkono umeshafika mwisho wake. Ikabidi yeye asimame hatua mbili aninyanyulie pakiti mimi nisome kwa mbali, vijana wa shamba la jirani wanatuangalia wanajua tunapigana picha. Baada ya miaka 40 ile lenzi ya ndani ya jicho inakakamaa haijikunji tena vizuri kuona vya karibu, daktari wa macho ndo alituambia, akatupima kila mtu na namba yake, yeye 2.00 mimi 1.50. Kabla ya hapo tulikuwa na miwani moja ya kununua njiani tunapokezana, anasoma Biblia mimi nasubiri kusoma meseji. Msinunue miwani moja jamani, mkapime kila mtu.

Jioni sasa tunapanda bajaji hadi Gangilonga, tunakaa kwenye lile jiwe tunaangalia mji mpaka taa ziwake. Miaka 28 ya ndoa tulikuwa hatujawahi kupanda pale tukiwa wawili tu.

---

Mnjombe_Halisi

Mbeya mnalia baridi gani hiyo? Njooni Njombe, wiki hii asubuhi sakitu imelala juu ya majani ya viazi nyeupe kama mtu kamwaga unga. Sisi hapa dawa ni moja, jiko la mkaa linaingia chumbani saa mbili, unafunga mlango na madirisha chumba kinapata moto, mnalala kama watoto. Mke akisikia joto asogee upande wa ukutani. Mimi nina 57, mke 50, ulanzi wa moto kidogo kipindi chake ukifika, maisha yanaenda.

---

NesiMstaafu_Mbeya

Mnjombe mdogo wangu, kabla sijajibu chochote kingine naomba hilo jiko litoke chumbani leo hii. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, haikukohozi, inaenda kwenye damu inakaa mahali pa oksijeni. Mtu anasikia kichwa kizito na usingizi mtamu, na huo usingizi ndo haamki. Nimepokea familia za hivyo miezi ya sita na ya saba, wengine tuliwawahi wengine hapana, na wote walikuwa wamefunga madirisha vizuri kwa sababu ya baridi. Pasha chumba moto jiko likiwa mlangoni na dirisha wazi, halafu litoe nje kabisa kabla hamjalala. Hata kama mkaa umebaki majivu mekundu, toa.

Sasa baba Neema. Kwanza nikupongeze, nimefanya kazi na kina mama miaka 31 na wanaume waliokuja kuuliza hili swali kwa niaba ya wake zao nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Wengi wanadhani mke kawachoka.

Hali ya mkeo inaitwa ukomo wa hedhi, au tuseme njia ya kuelekea huko. Wanawake wengi unawakuta kati ya miaka 45 na 55. Homoni ya estrojeni inakuwa inapanda na kushuka halafu inapungua moja kwa moja, na ile sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili inakuwa nyepesi kushtuka, joto likipanda kidogo tu yenyewe inadhani mwili unaungua, inafungua mishipa ya ngozi na jasho. Ndo maana linaanzia kifuani linapanda, moyo unakwenda mbio, na jasho likishapoza mwili anaanza kutetemeka. Haigizi. Joto lake ni la kweli kama baridi yako ilivyo ya kweli.

Umeuliza inaisha lini. Wengine mwaka mmoja miwili, wengine miaka saba na zaidi, mama wa Kihesa kakupa mfano mzuri.

Ile chai ya tangawizi saa tatu usiku ndo inaweza kuwa inamuwasha. Najua umeipika kwa upendo, lakini vinywaji vya moto, kahawa, pilipili na pombe ni vitu vinavyoamsha hilo joto kwa wanawake wengi. Usiiache, isogeze. Mpe saa kumi na mbili jioni, vuguvugu, na kabla ya kulala aweke glasi ya maji ya kawaida pembeni ya kitanda. Nguo za kulalia ziwe pamba, siyo nailoni. Blanketi zito la nyuzi za plastiki linabana jasho, bora matandiko ya tabaka tabaka, shuka, kishuka, blanketi jepesi, atoe moja moja.

Kama anashindwa kulala kabisa au anashindwa kazi, aende hospitali, dawa zipo, za homoni na zisizo za homoni, ila daktari lazima amuulize kwanza historia yake, mambo ya saratani ya matiti na damu kuganda. Na siyo kila jasho la usiku ni ukomo wa hedhi. Akiwa na homa, kikohozi kisichoisha au anapungua mwili, apimwe kifua kikuu na malaria na hata tezi ya shingo. Na mwanamke aliyemaliza mwaka mzima bila hedhi halafu akaona damu, hata tone, asisubiri wiki. Huyo tunamtaka siku hiyo hiyo.

La mwisho msicheke, siku kuchelewa siyo kwamba mlango umefungwa. Nimezalisha mama wa miaka 48 ambaye alikuja kliniki akidhani ni gesi.

---

Mnjombe_Halisi

Dada shikamoo. Jiko limetoka. Mke wangu kasoma hapa kanyanyuka mwenyewe kalipeleka uani, anasema alikuwa anaamka na kichwa kinamuuma siku zote hizi akadhani ni presha. Asante sana kwa kweli.

---

Dogo_wa_Ileje

Shikamooni wakubwa wote. Mi nina 26 niko Dar nilikuwa napita tu ila nimesoma uzi wote nimesimama. Likizo ya Desemba nilienda nyumbani nikakuta mama kahamia chumba cha mbele analala mwenyewe, sikuuliza, nikarudi mjini nikamwambia hadi dada yangu kwamba wazee wana ugomvi, tukawa tunawapigia simu kwa zamu tunawachunguza. Mama ana miaka 51. Nimempigia sa hivi nikamuuliza mama unasikiaga joto usiku? Kakaa kimya halafu akasema "nani kakwambia?" tumeongea karibu saa nzima, na mzee alikuwa pembeni anasema mwambie nesi huyo Mungu ambariki. Kumbe yeye ndo alimpisha mama chumba cha mbele kwa sababu kina madirisha mawili.

---

MzeeWaReli_Iyunga

Vijana hamjambo. Nimestaafu reli, nina miaka 66, mama yenu ana 61, joto lake lilishaisha zamani kwa hiyo naongea kama mtu aliyevuka.

Mimi mke wangu nilimpata ndani ya treni ya TAZARA, mwaka 1986, nikiwa kijana kazini, yeye anatoka Ifakara na kiroba cha mchele anakuja kwa shangazi yake hapa Mbeya. Wanaoijua ile njia wanajua kati ya Mlimba na Makambako treni inapanda mlima inaingia handaki inatoka, inaingia tena inatoka, na siku ile taa za behewa lile zilikuwa haziwaki, kwa hiyo ukiingia handakini giza totoro, ukitoka mwanga. Nilikuwa nimesimama karibu na kiti chake naongea, tukiingia gizani nanyamaza maana sioni uso wake, tukitoka naendelea. Handaki la nne au la tano hivi akasema yeye gizani, "mbona umenyamaza, endelea tu nasikia." Basi nikaendelea mpaka leo.

Sasa kwenye swali. Sisi wakati ule tulihangaika kama ninyi, mpaka siku moja mama akasema kwa nini tusibadilishane upande. Maana mimi nimekulia kwenye imani kwamba mwanaume analala upande wa mlango, mwizi akija akukute wewe kwanza, na kwetu mlango na dirisha vilikuwa upande mmoja, kwa hiyo miaka yote mimi ndo nalala na upepo na yeye amebanwa ukutani kwenye joto. Tukageuza. Yeye dirishani, mimi ukutani. Ilinichukua wiki mbili, nikiamka usiku kwenda msalani nauparamia ukuta, naye akiamka anakanyaga viatu vyangu ambavyo niliendelea kuviacha upande wa zamani. Lakini usingizi ulirudi nyumba nzima. Aliweka kitambaa kibichi pale kwenye nondo za dirisha, joto likija anakichukua anajifuta anakirudisha, wala hafungui dirisha zima, hata mimi siamki.

Joto lilipokwisha nikamwambia haya turudi pande zetu. Akakataa, kasema ameshazoea kuona nyota. Basi mpaka leo mimi nipo ukutani, na mlango tumeuwekea komeo kubwa.

Kwa hiyo baba Neema angalia dirisha lako liko wapi na wewe umelala wapi, kabla hujanunua chochote.

---

Mama_Kihesa

Mzee wangu wa reli shikamoo, hiyo stori ya handaki nimemsomea baba watoto kaniambia mbona yeye sikumwambia endelea. Nimemkumbusha kwamba yeye alikuwa haongei kabisa, mdomo nilikuwa naufungua mimi.

Baba Neema, nimekumbuka kitu. Unahangaika kumweleza mama yako, kwani yeye hakupitia? Usimweleze wewe, mwachie mkeo ampigie. Mkwe na mkamwana wakiongea yao ninyi tokeni nje mkaangalie ng'ombe.

---

BabaNeema_Uyole

Wakuu nimerudi, samahani nilikaa kimya wiki nzima, ni kipindi cha watu kununua pembejeo za bustani dukani palikuwa pamejaa.

Mrejesho. Chai imehamia saa kumi na mbili. Nilimwambia mama Neema kwamba nesi anasema ndo ilikuwa inakuwasha, akasema nilikuwa nahisi ila ulikuwa unaileta umeifunika na kisosi mkono wa pili umeshika kijiko, ningeikataaje. Siku tatu za kwanza hakuna tofauti, ya nne dirisha limefunguliwa mara moja tu. Tumebadilishana upande pia, dirisha letu lipo upande niliokuwa nalala mimi kama kwa mzee wa reli, na kweli hata mimi nimeparamia ukuta. Shuka la pamba kubwa tumenunua Kabwe, juu yake mablanketi mawili mtindo wa Kihesa. Dirisha tunaliacha wazi tangu jioni kiasi cha vidole vinne, hakuna tena kulia kama mbuzi usiku. Nesi, kliniki tunaenda Jumanne, wote wawili, yeye aangaliwe na mimi nipime presha maana anasema nakoroma siku hizi halafu kuna muda nakata pumzi kabisa mpaka ananitikisa.

Sasa mama. Mama Neema kampigia Jumapili baada ya ibada. Mimi nikatoka uani kama nilivyoelekezwa lakini dirisha la jikoni lilikuwa wazi nimesikia. Alianza kwa kuzunguka sana, habari za migomba, habari za mvua ya Tukuyu ambayo haikauki hata kiangazi, habari za shangazi, halafu akasema mama nina shida ya joto usiku. Kukawa kimya kule. Kisha nikasikia mama anacheka kwenye spika, kicheko kirefu, sijamsikia akicheka hivyo tangu baba afariki.

Akasimulia kwamba na yeye lilimpata, mwaka ambao mimi nilikuwa sekondari. Anasema wakati ule nyumba haikuwa na dirisha la kufungua, ni kidirisha cha ubao, kwa hiyo usiku likimpanda alikuwa anatoka nje anaenda kusimama katikati ya migomba, ukungu umeshuka, majani yamelowa, anayakumbatia yale majani ya mgomba na uso wake, shavu hili kisha shavu hili. Baba akaona mke anatoka kila usiku. Hakuuliza. Usiku mmoja akamfuata na chemli, akamkuta kasimama kakumbatia mgomba, akasimama akamwangalia, akaweka chemli chini akamuuliza "ni baridi huo?" Mama akasema ndiyo. Baba akasema basi kesho nikukatie majani nikutandikie ndani. Na akawa anakata kweli, majani ya mgomba mabichi anamtandikia upande wake wa kitanda kila jioni, miezi na miezi, na sisi watoto tulikuwa tunaona baba anaingia na majani ya mgomba chumbani tukajua ni ya kufunikia pombe.

Mama Neema alikuwa analia na kucheka pamoja. Mimi nimesimama pale kwenye kamba ya kuanikia, mablanketi yote mawili yako juani, sikuweza hata kuingia ndani kwa dakika kama kumi hivi.

Mwisho wa simu mama akamuuliza hilo blanketi la pili ni zito kiasi gani, na rangi gani. Nadhani Jumamosi nitalipeleka Tukuyu, sisi nitatafuta lingine jepesi.

Ndaga fijo wote.